Injini ya Subaru nyuma ya kiti: kuunga gari la spoti lenye turbo hapa Nairobi

Kilo 818 ndizo zilizolipatia jina la 818 gari ambalo Factory Five Racing, kampuni ya Wareham, Massachusetts, ilianza kuliuza kwa vipande mwaka 2013. Seti yake ina chesi, bodi na viunganishi. Injini, giaboksi, breki, usukani, waringi na karibu kila kilichobaki unakitoa kwenye Subaru Impreza WRX moja ya kati ya 2002 na 2007. Gari likishakamilika na kujazwa petroli huzipita hizo kilo 818, lakini Impreza yenyewe ilikuwa na karibu kilo 1,400. Farasi ni wale wale, mzigo umepungua kwa karibu theluthi. Hakuna turbo utakayonunua ikupe tofauti hiyo bila kuilipia kwa pistoni.

Mji wa kulijaribu jambo hili ni Nairobi. Tangu Colin McRae ashinde Safari Rally na Impreza mwaka 1997, na hata kabla ya hapo, Subaru hapa ni kama ukoo. Spea zake zimejaa Kirinyaga Road, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, na fundi wa kufungua EJ20, ile injini ya Subaru ya lita 2, hakosi Industrial Area. Shida ni kwamba maelekezo mengi ya magari haya yameandikwa na watu wanaokaa karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko mita 1,795 juu. Hewa yetu ina shinikizo la karibu bar 0.82, wakati Mombasa ni 1.01. Ukilisahau hilo, utapotoshwa kuanzia siku ya kununua injini hadi siku ya kutuni.

Tuanze na gari la kuchinja. Magari yaliyotumika yakizidi umri wa miaka 8 hayaingii tena Kenya, kwa hiyo WRX ya 2005 utaitafuta miongoni mwa zile zilizoingia zamani, zenye namba za Kenya na logbuku. Iliyogongwa nyuma au iliyopinduka ni dhahabu, kwa sababu unachokihitaji kiko mbele. Iliyogongwa mbele iache hata kama bei inatamanisha: pigo lililofika kwenye radieta mara nyingi limefika kwenye puli ya krankshafti, kava za belti ya taimingi na sensa zilizo hapo. Njia ya pili ni nosikati, kile kipande chote cha mbele kilichokatwa Japani. Hapo sharti ni moja: usibebe injini bila waringi wake wote, kompyuta yake, ufunguo wake na silinda ya ufunguo. Injini zenye kizuia wizi haziwaki na kompyuta isiyoutambua ufunguo, na kuoanisha vitu vya magari mawili tofauti kutakula pesa uliyookoa. Angalia pia aina ya turbo. EJ207 nyingi za Japani, yaani EJ20 za toleo la STI, zina turbo ya njia mbili (twin-scroll) yenye manifoldi yake maalumu; manifoldi ya njia moja ya EJ205, EJ20 ya WRX ya kawaida, haifungi pale, hata muuzaji akuapie.

Kabla ya kulipa, pima kompresheni, yaani shinikizo ambalo kila silinda inaweza kulijenga. Injini iwe ya moto, plagi zote nne nje, fyuzi ya pampu ya petroli nje, betri iliyojaa, na mtu akanyage akseleta hadi mwisho wakati wa kupiga stata. Sasa ndipo urefu wa Nairobi unapoingia. EJ20 ya turbo yenye afya husoma bar 10 hadi 12 kwenye usawa wa bahari. Hapa silinda inavuta hewa nyepesi, na injini ile ile itasoma kati ya 8 na 9.7. Wapo wanaokataa injini nzima kwa sababu geji imesoma 8.5, na wapo wauzaji wanaotumia urefu huo huo kutetea injini iliyokufa. Kisichodanganya ni tofauti kati ya silinda na silinda: ikizidi asilimia 10 hivi, uliza maswali, na hasa uitazame silinda ya nne, maana ndiyo inayojulikana kwa kuungua kwanza kwenye injini hizi. Kisha kata chujio la oili, kunjua karatasi yake juani. Vumbi jeusi ni kawaida. Vipande vinavyometa rangi ya shaba ni beringi za konrodi zinazoaga.

Kuhusu chesi, kuna barabara mbili. Ya kwanza ni kuagiza seti yenyewe, ikiwa bado inapatikana, ikafika Mombasa na kushushwa bandari ya nchi kavu ya Embakasi. Kabla hujatuma hata senti, hakikisha usukani unaweza kukaa kulia, kwa sababu Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto isipokuwa kwa kazi maalumu, na gari la starehe halimo humo. Zungumza pia na wakala wa forodha mwenye leseni kuhusu mzigo utaandikwaje: chesi, bodi na viungo vikija pamoja vinaweza kuhesabiwa tofauti na spea za kawaida. Barabara ya pili ni kuchomelea chesi hapa hapa kwa bomba za mraba. Hilo linawezekana na mafundi wapo, ila bomba za kutengenezea mageti si za kazi hii. Tafuta bomba zenye unene wa ukuta wa mm 2, zisizo na kutu ndani, na kila mraba mkubwa uuchomelee bomba la mshazari. Chesi isiyo na mishazari hupinda kila unapokata kona. Fundi ashikize viungo vyote kwa doa doa kwanza, halafu achome akihama kutoka upande mmoja hadi mwingine, kipande kifupi kifupi. Akimaliza upande mmoja wote ndipo ahamie wa pili, chesi itavutwa na joto na hairudi. Pima pembe kwa pembe kabla na baada: tofauti ya mm 2 inavumilika, ya mm 6 utaiona kwenye matairi.

Giaboksi ndipo wengi wanapokwama kichwani, ingawa kazi yenyewe si ngumu. Kwenye Impreza injini iko mbele ya ekseli ya mbele na giaboksi inaelekea nyuma. Ukiuhamisha mtambo wote ulivyo, bila kuugeuza, hadi ekseli ya mbele ya Subaru iwe ndiyo ya nyuma ya gari lako, injini inakaa kati ya mgongo wako na ekseli, na mkia wa giaboksi unatokeza nyuma. Matairi yanazunguka upande ule ule wa zamani. Lakini giaboksi hiyo inagawa nguvu kwa difu ya kati, nusu mbele nusu nyuma. Ukitoa tu propela shafti, nguvu yote itakimbilia kule kusiko na mzigo na gari halitasogea. Difu ya kati lazima itolewe na mahali pake pawekwe kola ya chuma inayoifunga shafti moja kwa moja. Gia za kupeleka nguvu nyuma nazo hutolewa, na mkia hufungwa kwa bamba. Giaboksi ya gia tano inabeba lita 3.5 za oili ya 75W-90, daraja GL-5. Sifa ya gia hizi kuvunjika meno kwenye Impreza zilizoongezwa nguvu ni ya kweli, lakini katika gari la kilo 900 linalovutwa na matairi mawili, tairi huteleza kabla jino halijaumia.

Jambo moja ambalo lisipofanywa mwanzoni litalipiwa baadaye: belti ya taimingi sasa inautazama ukuta ulio nyuma ya viti. Belti hiyo hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwenye injini hii ikikatika vali hugonga pistoni na kupinda. Acha dirisha la bamba lenye boliti kwenye ukuta huo, pana kutosha kutoa kava zote tatu za belti na kuingiza mkono na spana. Bila hilo, kila belti ni kushusha injini. Ubadilishe sasa hivi belti, roli zake, tenshena na pampu ya maji, wakati kila kitu kiko wazi juu ya stendi. Sumpu nayo ifunguliwe na mrija wa kuvutia oili ubadilishwe kwa ulioimarishwa. Ule wa kiwandani hupasuka kwenye kiungo chake, unavuta hewa badala ya oili, na beringi zinakwisha bila taa kukuonya mapema. Ukikuta boliti ya bomba la oili ya turbo ina kichujio kidogo cha wavu ndani, kisafishe au kiondoe. Kikiziba, turbo inakufa kwa kiu.

Sasa maji, ambapo urefu wa Nairobi unauma kuliko watu wanavyodhani. Radieta iko puani, injini nyuma, na kati yao kuna mabomba mawili ya alumini yanayopita chini ya miguu. Bomba mbili za mita 2.5 zenye kipenyo cha ndani cha mm 32 peke yake zinabeba lita 4, juu ya kile injini na radieta vilikuwa vinabeba. Hewa ikinaswa humo haitoki yenyewe. Tangi la juu la Subaru, lile linalokaa karibu na turbo, lazima libaki kuwa sehemu ya juu kuliko zote katika mfumo mzima, na radieta iwe na skrubu ya kutolea hewa upande wake wa juu. Inua pua, fungua skrubu, jaza polepole, funga maji yakitoka bila mapovu, shusha pua, kisha malizia kwenye tangi la juu hita ikiwa wazi.

Na mfuniko. Maji ya Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi yakiwa wazi. Feni ya Subaru huwaka takriban nyuzi 95. Soma namba hizo mbili tena: mfuniko uliochoka usioshika shinikizo maana yake maji yanachemka kabla feni haijapewa amri ya kuwaka. Mfuniko mzima wa bar 1.1 unapandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu 119, na mchanganyiko wa kulanti nusu kwa nusu unaongeza nyuzi kadhaa juu yake. Nunua mpya, haugharimu kitu. Na yule fundi anayekwambia ung'oe thamostati kwa sababu "huku ni joto", mshukuru umpe chai, lakini spana asishike. Bila thamostati injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani ni asubuhi ya baridi na kuendelea kumwaga petroli nyingi, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zinakwisha mapema.

Intakula, kile kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, kwenye Impreza ilikaa juu ya injini na kulishwa na tundu la boneti. Nyuma ya viti hakuna upepo wa kuilisha hivyo, na kwenye foleni ya Mombasa Road inageuka kuwa pasi ya mkaa. Ninapendelea intakula ya maji: kisanduku kidogo juu ya injini, pampu yake ya umeme, radieta yake nyembamba mbele ya ile kubwa, na maji yasiyochanganyika na ya injini. Uzito unaongezeka kidogo, mabomba yanaongezeka, lakini hewa inayoingia inabaki na joto linaloeleweka hata baada ya dakika ishirini za kusimama.

Hapo tunafika kwenye busti yenyewe, yaani shinikizo ambalo turbo inaongeza juu ya hewa iliyopo. Geji uliyofunga dashibodini inasoma tofauti iliyopo kati ya manifoldi na hewa ya nje. Ikisema 1.0 Mombasa, ndani ya manifoldi mna bar 2.01 kamili. Ikisema 1.0 Nairobi, mna 1.82. Springi ya westigeti, vali inayopitisha moshi kando ya turbo ili busti isizidi, nayo inaegemea hewa ya nje, ndiyo maana gari likipanda kutoka pwani linapoteza nguvu ingawa sindano haijasogea. Kishawishi ni kuongeza busti hadi 1.19 ili kuirudisha ile 2.01. Fanya hesabu ya turbo inavyoiona. Mombasa ilikuwa inaikandamiza hewa mara 1.99, Nairobi itaikandamiza mara 2.45. Kwa kompresa (upande wa turbo unaosukuma hewa) yenye ufanisi wa asilimia 70 na hewa ya nyuzi 25, hewa inatoka kwenye turbo ikiwa na karibu nyuzi 117 katika hali ya kwanza na karibu 150 katika ya pili. Turbo inazunguka kwa kasi kubwa zaidi, na ikiwa ni ile ndogo ya TD04 iliyokuja na WRX nyingi, imeshatoka mahali ilipobuniwa kufanya kazi vizuri. Ufanisi unashuka chini ya hiyo 70 na joto linapanda zaidi. Kompyuta ya kiwandani inalijua hili. Ina majedwali yanayopunguza busti kadiri hewa ya nje inavyokuwa nyepesi. Anayetuni kwa kuyafuta majedwali hayo ili sindano ipande anaiondoa bima ya turbo.

Upande wa pili wa suala hili hausemwi sana. Gari lililotuniwa Nairobi kwa 1.19 kwenye geji, likishuka kilomita 480 hadi Mombasa bila kuguswa, linajaza manifoldi hadi bar 2.2 kamili, katika joto la pwani. Sensa ya hewa itapima hewa iliyozidi, ndiyo, lakini injini inaingia kwenye safu za ramani ya kompyuta ambazo fundi hakuwahi kuzifikia hapa juu ya daino, ile mashine ya kupimia nguvu ya gari, na taimingi ya cheche iliyoandikwa humo ni ya kubahatisha. Mwambie fundi aweke kikomo kwa shinikizo kamili, si kwa namba ya geji. Na umkumbushe petroli: injini zilizotoka Japani ziliandikiwa petroli ya oktani 100, na Super yetu haifiki hapo. Ramani ya Japani ikiachwa ilivyo, petroli inajilipukia ovyo ndani ya silinda, na kinachovunjika kwanza ni kingo za pistoni kati ya ringi. Ukikanyaga hadi mwisho, uwiano wa hewa kwa petroli uwe karibu 11 kwa 1, na nafasi ya plagi ipunguzwe hadi mm 0.65 hivi ili busti isizime cheche.

Ushauri wangu kwa hiyo ni wa kuchosha: acha busti ya kiwandani. Gari ni jepesi tayari. Fedha ya turbo kubwa ipelekwe kwenye daino, geji ya oili, geji ya mchanganyiko na breki. Ukifunga egzosti ya mm 76, angalia kama busti inapanda yenyewe kupita kikomo. Tundu la westigeti huwa dogo kwa moshi unaotoka haraka hivyo na linahitaji kupanuliwa. Ile blofu, vali ya kutoa "psshh" hewani unapoachia akseleta, iache kwa vijana wa Thika Road: hewa hiyo ilishapimwa na sensa, petroli yake inamwagwa, na kila unapobadilisha gia injini inakohoa.

Umeme mfupi mfupi. Betri ikikaa mbele, waya wa stata uwe wa mm² 35, na fyuzi iwe karibu na betri. Waringi ukipunguzwa, usiguse waya za ardhi zinazofungwa kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Nusu ya sensa za injini zinazitegemea. Turbo iko juu ya giaboksi sasa, karibu na faibaglasi, kwa hiyo pafungwe bamba la kuzuia joto kabla rangi haijaanza kufanya malengelenge.

Breki za Impreza zilibuniwa kwa gari zito mbele. Hapa pua ni nyepesi, na matairi ya mbele yatafunga mapema. Weka vali ya kurekebisha mgawo wa breki, uanze na nguvu zaidi mbele, kisha uongeze nyuma kidogo kidogo kwenye uwanja mtupu, kama Whistling Morans kule upande wa Athi River, hadi ya mbele ibaki kufunga kidogo tu kabla ya nyuma. Matairi ya nyuma yaelekezwe ndani mm 1 hadi 2 kila upande. Ukiachia akseleta ghafla katikati ya kona, mkia utakuja mbele, na matairi yaliyonyooka kabisa yanaharakisha hilo. Chini ya gari acha mm 130 au zaidi; matuta ya mitaani hayatabadilika kwa ajili yako.

Siku ya kuwasha, jaza oili lita 4 na kidogo, jaza na chujio, toa fyuzi ya petroli na plagi za koili. Piga stata sekunde kumi, pumzisha, rudia hadi taa ya oili izime. Rudisha fyuzi na plagi za koili, washa ufunguo bila stata, kagua kila kiungo cha petroli kwa mkono na tochi. Ndipo uwashe. Iache ipate joto hadi feni iwake na kuzima yenyewe mara mbili, mfuniko ukiwa umefungwa, kisha izime, ipoe, uongeze maji. Baada ya kilomita 100, torki renchi kwenye boliti zote za sasipensheni, giaboksi na manifoldi. Zitakuwa zimelegea, hasa za manifoldi.

Makaratasi yanaanza kabla ya rangi. NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, watataka namba ya chesi na ya injini zilingane na hati, na ukaguzi wa Nairobi hufanyika Likoni Road, Industrial Area. Weka risiti ya gari la kuchinja, logbuku yake, hati za forodha na picha za kila hatua ya uchomeleaji katika faili moja. Kampuni ya bima itaomba ripoti ya uthamini. Mthamini aandike injini, turbo na mabadiliko yote kwa majina yake. Kilichofichwa humo ndicho kitakachotajwa siku ya kudai fidia.